Mama Mwenye Nyumba na Mmarekani Wake

Siku ya kwanza nilipokwenda kuulizia chumba Turffontein, nilikuwa nimekariri sentensi nne za Kiingereza njia nzima. Mama mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama nyuma ya geti na funguo mkononi, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Ndugu yangu, mbona unajitesa hivyo? Wewe ni wa wapi?" Nilitaka kukaa chini pale pale barabarani. Nilikuwa na miezi miwili Johannesburg, na hakuna mwenyeji wa nchi hii aliyekuwa ameniuliza neno nikaweza kumjibu kwa raha. Nikamwambia natoka Uvira, Kongo, na kazi yangu ni ushonaji. Akasema cherehani haina neno, ila isilie Jumapili asubuhi, maana hiyo ndiyo saa yake ya kusoma. Nilihamia jioni ile ile, nikakaa miaka kumi na mmoja.

Jina lake nalijua vizuri lakini sitaliandika, kwa sababu hakupenda jina lake litembee bila yeye mwenyewe kuwepo. Wapangaji wote tulimwita Mama, na tukiwa peke yetu tukimsengenya, Mama Mwenye Nyumba. Habari za alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani naziacha pia. Hatukuwahi kuziongea, na nyumba ile ilikuwa tayari na babu wa kutosha wa kuongelewa.

Kiswahili alikipata Morogoro. Miaka ya ubaguzi aliikimbia nchi yake akiwa msichana muuguzi, akaishi kule ukimbizini, akatibu wenzake na wanakijiji wa jirani mpaka wakubwa walipokubaliana na watu wakaruhusiwa kurudi. Kiswahili chake kilibaki kile cha miaka ile. Kila mtu kwake alikuwa ndugu, hata yule kijana wa manispaa aliyekuja kukata umeme. Akikasirika alisema "acha upuuzi, bwana we", halafu "eish" inafuata nyuma yake. Na alinisahihisha. Mimi niliyenyonya lugha hii kwa mama yangu, nikimwambia "Mama, minaenda tauni", ananisimamisha mlangoni ili nirudie vizuri kwamba ninakwenda mjini. Mrundi wa chumba cha pili, mlinzi wa benki moja Sandton, alikuwa akitoka nje makusudi ili aone Mkongomani akifundishwa Kiswahili na Mzulu.

Alikuwa mgumu na mpole kwa wakati mmoja, na hungeweza kujua kesho utakutana na yupi. Mfuko mmoja wa majani ya chai aliutumia vikombe vitatu, na kile cha tatu alikunywa yeye. Lakini mke wa Mrundi alipojifungua, Mama alihamia kitanda cha sebuleni, akampa chumba chake wiki sita kwa sababu kilikuwa kinapata jua la asubuhi. Kila Jumamosi alituita mmoja mmoja jikoni kutupima presha. Ikiwa imepanda alitugombeza kana kwamba tumeiba kitu. Saa yake aliibandika kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, kama wauguzi wa zamani, ingawa alikuwa amestaafu kabla sijamjua.

Kuhusu wafu alikuwa na msimamo mkali. Alisema amefumba macho ya watu wengi mno na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia asante. Mpwa wake, mchungaji wa kanisa la wokovu kule Rosettenville, alipokuja kuhubiri habari za pepo na mizimu, Mama alimsikiliza hadi akamaliza, kisha akamuuliza kama anakula mboga za majani. Huyo ndiye mwanamke ambaye chini ya kitanda chake alikuwa na bahasha kubwa ya eksirei, ya kahawia, iliyojaa karatasi za mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jumapili asubuhi alizimwaga mezani. Hiyo ndiyo saa ya kusoma ambayo cherehani yangu iliikosea heshima mara mbili tatu.

Marehemu huyo alikuwa Mmarekani, tena mweusi, kutoka Ohio. Nilipomuuliza Ohio ni wapi, alisema ni katikati kabisa ya Marekani, mbali na bahari zote mbili, mahindi mtupu kama Free State. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kijana huyo alivuka bahari na kwaya ya watu weusi wenzake, wakiimba mji kwa mji katika nchi hii. Kwaya ilipoondoka, yeye alibaki. Alifungua duka la kinyozi katika chumba kimoja karibu na soko la Johannesburg, mji ukiwa bado mabati na vumbi, akaoa binti wa Kizulu, akapata mtoto wa kike. Mtoto alikuwa bado anatambaa homa ya matumbo ilipomchukua baba yake hospitalini. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mtoto yule aliyekuwa anatambaa ndiye bibi yake Mama, aliyemlea. Hapo ndipo penye shina la mambo yote. Usiku wa kuamkia safari ya ukimbizini, bibi alimfungia Mama mkate kwenye kitambaa na kumwomba jambo moja tu: atakaporudi, amtafute baba yake mahali alipolala, amlete nyumbani. Alikuwa amekaa maisha yake yote bila kujua baba yake yuko wapi, na kwao mtu aliyefia ugenini bila kuchukuliwa anahesabiwa bado yuko njiani. Mama aliitikia haraka haraka, kama mtu anayeagizwa sukari dukani, kwa kuwa gari lilikuwa linamngoja. Hawakuonana tena. Bibi alikufa Mama akiwa Morogoro, na barua ya msiba ilifika mazishi yameshapita miezi minne.

Tangu arudi hakuwahi kukanyaga kaburi la bibi yake. Liko Soweto, si mbali, na mara kwa mara tulipita karibu tukienda kununua vitambaa. Mama aligeuza uso upande wa pili. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kunitazama: "Aliniagiza mtu. Nitasimama pale mikono mitupu nimwambie nini?" Umri wake ulikuwa unakaribia themanini, moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na yeye kama muuguzi alijua hesabu hiyo kuliko daktari wake.

Kwa hiyo alimtafuta yule kijana jinsi wauguzi wanavyotafuta kitu, kwa karatasi. Hakuna anayekufa bila karatasi, ndivyo alivyosema kila tulipogusa habari hizo, na alisema kwa uhakika wa mtu aliyeziandika karatasi hizo kwa mkono wake. Aliandika barua kwenye makanisa ya Ohio, moja baada ya jingine, kwa kalamu, kwani hakuiamini barua pepe. Nyingi hazikujibiwa. Mwaka wangu wa tano pale, jibu lilikuja kutoka mji mdogo ambao hata kwenye ramani tuliutafuta kwa miwani. Mwanamke mmoja mzee, mtunza daftari wa kanisa lao, alikuwa amemkuta. Baba wa kijana alikuwa fundi mapipa. Mama yake alifua nguo za watu. Kijana alijifunza kunyoa kwa mjomba wake, na kanisani aliimba sauti ya chini. Mbele ya jina lake, pale ambapo wengine waliandikiwa amekufa au amehama, palikuwa na maneno mawili tu, kwamba kaenda Afrika. Hakuna aliyeandika kitu kingine baada ya hapo.

Mama aliisoma barua ile kwa sauti, akanitafsiria, kisha akavua miwani. Alisema maana yake ni kwamba mama yule mfua nguo hakupata habari kamwe. Alikufa akijua mwanawe yuko Afrika. Nililia, sioni aibu kusema. Baba yangu mimi amezikwa Uvira nikiwa huku, nikalia mbele ya simu, lakini angalau simu ililia. Mama hakulia. Aliitia barua kwenye bahasha na mwaka mzima ukapita kabla hajawajibu wale wa Ohio kwamba mtu wao alikufa. Kila nilipomkumbusha alisema subiri, kwao bado yuko hai, kwa nini tuwaharakishe. Mwishowe aliandika. Wakamjibu kwamba Jumapili iliyofuata walisimama wote kanisani, jina lake likasomwa, na mtunza daftari akaongeza mstari mmoja kwa wino.

Pamoja na barua walituma picha ya ile kwaya. Watu kumi na mmoja, wanaume sita, na nyuma hakuna jina hata moja. Mama alimwekea alama ya penseli wa pili kutoka kushoto kwa ajili ya masikio yake, yanayofanana na ya kaka yake marehemu. Mimi niliitazama kwa macho ya kazi yangu nikaona jambo jingine. Wanaume watano makoti yao yamewakaa. Wa sita, yule wa mwisho kulia, mikono ya koti imeishia juu ya kifundo na mabega yanamvuta. Koti lile si lake, nikamwambia Mama, huyu ndiye mdogo wao, ndiye mtoto wa fundi mapipa. Aliisogeza picha dirishani, akaniambia nirudi kwenye vitambaa vyangu. Lakini wiki iliyofuata nilikuta ameweka alama ya penseli pembeni ya yule wa mwisho, na ya masikio ameifuta.

Kazi ngumu ilikuwa kaburi. Hospitali ile ya zamani haipo tena, na daftari zake zilizosalia zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji. Mama alikwenda huko kila Jumanne kwa miezi, na skafu yake na mkate wake wa siagi. Siku moja alirudi uso unang'aa. Alikuwa amepata orodha ya waliokufa katika wodi ya watu weusi wiki ile, na Mmarekani alikuwa wa tatu. Halafu amepata orodha ya makaburi ya wiki ile ile, namba bila majina, isipokuwa umri na ugonjwa. Wa tatu kwenye orodha hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, homa ya matumbo. Nilimuuliza kama inatosha. Akanieleza kwa subira, kama anamfundisha mwanafunzi wake, kwamba maiti hutoka wodini kwa mpangilio wa vitanda na huandikwa kwa mpangilio huo huo hadi kaburini. Yeye mwenyewe ameifanya kazi hiyo miaka arobaini. Wa tatu ni wa tatu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba msimamo wake kuhusu wafu ulikuwa na mlango wa nyuma. Kwa Wazulu, anayemfuata marehemu wake huenda na tawi la mti wa miiba, wa jamii ya mkunazi, wanaouita umlahlankosi. Hulifikisha mahali mtu alipofia au alipozikwa, humwita kwa jina, humwambia twende nyumbani, kisha hurudi nalo mkononi. Njia nzima mwenye tawi haongei na mtu yeyote isipokuwa marehemu. Humweleza kila daraja na kila kona asije akapotea. Na kwenye gari marehemu hulipiwa kiti chake. Mpwa mchungaji alipoombwa amsindikize shangazi yake, alikataa na kumwombea dua papo hapo. Mama akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaniomba niwe mdomo wake kwa siku moja. Mimi pia nina mchungaji. Sikumuuliza.

Makaburi ya watu weusi kule ni nyasi tupu na vijiwe vyenye namba. Tuliitafuta namba yetu karibu saa nzima. Mama alivua viatu, akapiga magoti kwa shida, akaligusa jiwe kwa tawi na kumwita kijana wa Ohio kwa majina yake yote matatu. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtoto wa mjukuu wa damu yake, ametumwa, waende nyumbani. Kutoka hapo hakuniangalia tena mpaka jioni. Niliongea mimi. Kituoni nilimwambia dereva kwa Kizulu changu cha dukani kwamba mama huyu hazungumzi na kwamba kiti cha dirishani kina mtu. Dereva aliliona tawi, akavua kofia, akazima redio. Mwanamke mmoja alipanda na mifuko yake akataka kulisogeza, abiria watatu wakamzuia kwa pamoja, naye akaomba radhi, hakumwomba Mama, aliliomba tawi.

Mama alianza kumsimulia marehemu kwa Kiingereza chake cha hospitali. Tulipofika kona ya kwanza kikamwishia. Nikasikia anamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Babu, hii taa nyekundu inaitwa robot. Tunasimama kidogo, usihofu. Sasa tunaenda." Na hakurudi kwenye Kiingereza wala hakugusa Kizulu. Alimwonyesha daraja, alimwonyesha uwanja wa mbio za farasi, alimwambia hapa zamani palikuwa shamba. Baadaye nilimuuliza kwa nini Kiswahili. Alifikiri, akasema kuwa ndiyo lugha aliyoongea alipokuwa mgeni wa watu, na yule kijana alikuwa mgeni, ikamtoka tu.

Tawi aliliweka nyuma kabisa ya nyumba, mahali ambapo kwao wazee hukaa, kwenye kona ya stoo inayogusa chumba changu. Kati yangu na Mmarekani ulikuwa ukuta wa tofali moja. Tulipika, tukala, Mrundi akaleta maharage na mkewe akaimba. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Alichagua siku ya kwenda Soweto, akaniagiza nimshonee gauni la kitambaa cha buluu lenye kola. Nililishona kwa siku mbili, bila kuchukua kazi nyingine.

Gauni lilikuwa limeshapigwa pasi, zimebaki siku tatu, bahasha ilipokuja kutoka hifadhi ya nyaraka. Binti mmoja anayefanya kazi pale, ambaye Mama alimzoesha mkate wa siagi, alikuwa ameendelea kupekua kwa mapenzi yake, akakuta maagizo ya maziko ya wiki ile. Aliyazungushia duara kwa penseli. Mmarekani hakupelekwa makaburini. Wakubwa wa hospitali walibishana azikwe upande upi, maana si mzungu na si mwenyeji, na wakati wanabishana homa ilikuwa imejaza wodi. Alizikwa na wengine kwenye shimo moja nyuma ya hospitali, kwa chokaa, bila namba. Juu yake leo kuna jengo la ghorofa nyingi. Wa tatu kwenye orodha ya makaburi alikuwa mtu mwingine, kijana wa kutoka Msumbiji, mchimbaji. Jina lake liliandikwa Jim, jina la kupewa mgodini, na mbele yake hapakuwa na ndugu wala kijiji.

Mama aliisoma mara tatu. Alisema, "Hili ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza." Akaingia ndani akafunga mlango. Siku mbili hakula, hakutupima presha, na Jumapili bahasha ya eksirei haikufunguliwa. Nilikaa na cherehani kimya nikimhurumia. Gauni la buluu lilining'inia mlangoni kwangu na sikujua nilifiche wapi.

Siku ya tatu ndugu walikuja. Mpwa mchungaji alisema Mungu amewaonyesha upuuzi wa mambo hayo, tawi lichomwe. Dada mmoja mkubwa wa ukoo alisema haliwezi kuchomwa, lirudishwe lilikotoka na kijana aombwe radhi, maana sasa wamemwingiza mtu asiyejulikana kwenye kona ya wazee wao. Walibishana jikoni mchana kutwa. Walipoondoka, Mama alikuja kukaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa amezeeka kwa siku tatu zile. Aliniambia bibi yake amemngoja miaka yote hii, na Mmarekani hatapatikana tena, hakuna karatasi nyingine ya kutafuta. Hilo limekwisha. Lakini huyu mwingine afanywe nini. Nimemwambia twende nyumbani, akaja, sasa nimwambie nilikosea, rudi?

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa. "Mama," nikamwambia, "hata mimi siku ile getini hukuwa unanitafuta."

Aliniambia niache upuuzi. Asubuhi iliyofuata nilimsikia stoo, ng'ambo ya ukuta wangu, akiongea kwa Kiswahili. Alikuwa anamwambia kijana wa Msumbiji kwamba aliitwa kwa jina lisilo lake na kwamba anaomba radhi kwa hilo. Alimweleza nyumba ina watu gani, choo kiko wapi, na kwamba fundi wa chumba cha nyuma hupiga cherehani lakini si mtu mbaya. Tawi halikuondoka. Wiki hiyo hiyo alichukua bahasha nyingine ya eksirei, akaandika Jim juu yake na alama ya kuuliza, na Jumanne akarudi hifadhi ya nyaraka. Kuhusu Soweto hakusema kitu, na gauni akalipokea, akalitundika kabatini.

Nilihama miaka miwili baadaye, nilipopata duka Rosettenville. Nilimtembelea mara chache kuliko inavyofaa. Moyo wake ulikuwa umechoka, alipanda ngazi mbili akapumzika, na Jim alikuwa bado hana kijiji. Niliogopa kwamba atakufa bila kwenda kwa bibi yake, na niliogopa kumwambia. Kisha mwezi wa tisa mwaka jana alinipigia simu dukani. Hakunisalimu. Alisema Jumamosi nimpeleke Soweto, nitafute gari la kukodi lenye dereva asiye na haraka.

Alitoka getini amevaa lile gauni. Lilikuwa limempwaya, nikamwambia niliingize kidogo ubavuni, akasema si leo. Makaburini alitembea akinishika mkono, akihesabu safu kwa karatasi aliyoandikiwa na yule dada mkubwa wa ukoo. Saruji ya kaburi ilikuwa imepasuka na nyasi zimeota katikati. Aliniachia mkono, akavua viatu, akasimama akiwa amekunja viganja mbele yake. Alianza kwa Kizulu. Kizulu changu kinatosha kwa vitambaa na bei, lakini maneno yale yalikuwa mepesi na niliyaelewa yote.

"Bibi, nimechelewa. Baba yako sikumpata. Mahali walipomlaza hapana alama, na wamejenga juu yake. Kwao wamemwombea, jina lake limesomwa. Nilipokwenda kumtafuta nilimkuta kijana mwingine ambaye hakuna aliyemfuata, nikamchukua. Nimekuletea huyo. Yuko nyumbani, amekaa kwenye kona ya baba yako. Mpokee."

Upepo ulivuta gauni. Alingoja, kama mtu aliyegonga mlango. Sijui alisikia nini na sikumuuliza. Baada ya muda mabega yake yakashuka, akanishika bega akajiteremsha taratibu, akaketi juu ya saruji miguu imenyooshwa mbele. Akawa analia sasa, huyu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia, na huku analia anaongea. Alikuwa anamsimulia bibi yake habari za Morogoro. Alianzia siku aliyofika, kwamba mvua ilikuwa inanyesha na mkate aliofungiwa ulikuwa umebaki kipande.

Nikaenda kumwambia dereva asitusubiri.